SOMO KWA MAKATIBU: KUCHAGUA KOMPYUTA ILIYOTUMIKA KWA KUTUNZIA KUMBUKUMBU ZA CHAMA



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Usemi huu umeandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi za vyama vyetu, na hakuna mwanaushirika asiyeujua. Lakini usemi huo hautuelezi daftari lenyewe likipotea itakuwaje. Hilo ndilo jambo la somo hili.

Siku hizi vyama vingi vya msingi katika Tlawi na kata nyingine za Mbulu na Hanang vimeanza kuandika mapokezi ya mazao, hisa na malipo kwa kompyuta. Ni hatua njema. Hata hivyo, vyama vyenye uwezo wa kununua mtambo mpya ni vichache. Kwa hiyo wengi huelekea kwenye kompyuta za mtumba, na huko ndiko mahali pa kupata nafuu na pa kupata hasara pia. Nia ya somo hili ni kumwezesha katibu wa kawaida, asiye fundi, kuchagua kwa busara kompyuta iliyotumika ambayo kazi yake itakuwa moja tu: kuhifadhi majalada ya chama mahali pamoja, ili mhasibu, katibu na karani wa mizani wayatumie kwa waya au kwa mtandao wa ndani wa ofisi. Mafundi huuita mtambo wa namna hiyo seva. Aliye na ofisi ya chama chumbani kwake, kama makatibu wengi walivyo, na asome vilevile. Mambo ni yale yale.

1. Kosa ambalo nami nilishiriki

Nianze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha huku nyanda za juu. Hesabu zilikuwa safi. Katibu alikuwa ameziingiza zote katika kompyuta ndogo ya mkononi aliyoinunua ikiwa imetumika, akanionyesha kwenye kioo, nikalinganisha na stakabadhi chache, zikapatana, nikasaini. Sikumwuliza nakala nyingine iko wapi.

Msimu uliofuata, wiki mbili kabla ya malipo ya pili ya vitunguu saumu, diski ya kompyuta ile ilikufa. Ilitoa mlio kama wa saa mbovu, kisha ikanyamaza. Orodha ya mapokezi ya msimu mzima ikaenda nayo. Waliokuwa wametunza stakabadhi zao walilipwa. Waliosalia walitegemea daftari la mkono ambalo karani wa mizani alikuwa akiandika kwa mazoea yake ya zamani, na daftari hilo halikuwa na siku zote. Mama mmoja mzee, ambaye stakabadhi yake ilifuliwa pamoja na kitenge, alinijia mbele ya mkutano akasema, "Mwanangu, si wewe uliyesaini kwamba vitabu ni vizuri?" Sikuwa na jibu. Mkutano mkuu uliamua alipwe kwa ushahidi wa majirani waliopima naye siku ile. Alilipwa, lakini kwa uzito waliokumbuka majirani, si kwa uzito uliosomwa kwenye mizani.

Tangu hapo swali langu la kwanza nifikapo ofisini si "Hesabu ziko wapi?" bali "Hesabu ziko mahali pangapi?"

2. Tujue kwanza ukubwa wa kazi yetu

Mwuzaji atakuuliza, "Unataka diski ya ukubwa gani?" Asiyejua hujibu, "Kubwa kabisa." Tufanye hesabu kabla ya kutoka nyumbani.

Tuchukue chama chenye wanachama 300. Tuseme kila mwanachama ana karatasi 10 kwa mwaka, yaani stakabadhi, fomu na barua. Hizo ni karatasi 3,000. Tuongeze karatasi 2,000 za hati za malipo, mihutasari ya vikao na mikataba. Jumla ni 5,000. Karatasi moja ikipigwa picha kwa mashine ya kunakili huchukua takriban megabaiti moja. Kwa hiyo mwaka mzima ni megabaiti 5,000, ambazo ni gigabaiti 5. Miaka kumi ni gigabaiti 50. Diski ya gigabaiti 500, ambayo leo huhesabiwa kuwa ndogo, ingebeba karatasi za chama hicho kwa miaka 100.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, chama hakihitaji mtambo mkubwa. Pili, fedha tunazookoa kwa kutonunua ukubwa tuzitumie kununua uaminifu: diski mbili nzuri badala ya moja kubwa, na betri ya kushika umeme.

3. Kompyuta ya aina gani?

Yapo makundi matatu sokoni.

(a) *Seva kubwa zilizotolewa katika mabenki na makampuni.* Huuzwa kwa bei ya kushangaza kwa udogo. Ni nzito, hupiga kelele, na hula umeme. Chama cha msingi kisidanganyike na bei hiyo.

(b) *Kompyuta ndogo za mkononi.* Zina sifa moja njema: betri yake huishikilia umeme ukatikapo. Lakini nyingi zina nafasi ya diski moja tu, na betri iliyochomekwa usiku na mchana kwa miaka huweza kuvimba.

(c) *Kompyuta za mezani zilizotumika maofisini,* kama vile Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Zilitengenezwa kufanya kazi siku nzima, ni rahisi kufungua, na kwa kuwa makampuni huzinunua nyingi kwa mara moja, ndivyo zinavyouzwa nyingi pia. Kundi hili ndilo linalotufaa.

Katika kundi hilo la tatu angalieni umbo. Zile ndogo kabisa, za ukubwa wa kitabu, kwa kawaida hubeba diski moja ndogo. Zile nyembamba nyingi hubeba diski moja kubwa. Zenye umbo la mnara huwa na nafasi ya diski mbili au zaidi, nazo ndizo za kutafuta. Fungueni kifuniko mhesabu nafasi kwa macho yenu.

Kuhusu nguvu ya mtambo, msihangaike. Kutunza majalada ni kazi nyepesi. Kwenye kompyuta nyingi za zamani za Intel, tarakimu ya kwanza baada ya kistari huonyesha kizazi: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6. Kuanzia kizazi cha 4, kilichotoka mwaka 2013, na kumbukumbu ya gigabaiti 8, kazi yetu itafanyika bila shida.

Kuna habari nyingine ya manufaa. Kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na kompyuta nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8 hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa anayetaka kutumia Windows mitambo hiyo ni kasoro. Kwa sisi tutakaotumia programu nyingine ya bure, kama nitakavyoeleza, ni nafasi ya kujadiliana bei.

4. Bei ya dukani si bei yote

Seva kubwa ya zamani yaweza kula wati 180 hata ikiwa haina kazi. Kompyuta ya mezani niliyoitaja hula takriban wati 30 ikiwa imetulia. Tulinganishe zikiwashwa saa zote:

Seva kubwa: wati 180 × saa 24 = uniti 4.32 kwa siku, yaani uniti 129.6 kwa siku 30.

Kompyuta ya mezani: wati 30 × saa 24 = uniti 0.72 kwa siku, yaani uniti 21.6 kwa siku 30.

Tofauti ni uniti 108 kila mwezi, au uniti 1,296 kwa miezi kumi na miwili. Kila katibu azidishe kwa bei ya uniti anayonunua, ndipo aone kama ile "bei ya kutupa" ilikuwa rahisi kweli. Zaidi ya hayo, ofisi yetu hailali ikifanya kazi. Mtambo wa wati 30 ukiwashwa saa 8 kwa siku 22 za kazi utatumia uniti 5.28 tu kwa mwezi. Rahisi ni ghali, lakini mwenye kupiga hesabu huijua rahisi ya kweli.

5. Ukaguzi dukani

Msinunue kwa simu wala kwa picha. Nendeni wawili, katibu na mjumbe mmoja wa bodi, na mfuate hatua hizi.

*Kwanza, nyuma ya mtambo.* Mitambo mingine iliyotoka Marekani ina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwa swichi iko kwenye 115 na ukachomeka, kigawa umeme kitaungua papo hapo. Mitambo mingi ya siku hizi hujirekebisha yenyewe. Lebo yake huandikwa 100–240. Someni lebo kabla ya kuchomeka.

*Pili, ndani.* Angalieni vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye ubao mkuu, yaani kapasita. Kichwa chake chapaswa kuwa bapa. Kikiwa kimevimba au kimetoa utomvu, acheni mtambo huo. Kompyuta nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 ziliugua ugonjwa huu.

*Tatu, vumbi.* Vumbi lenyewe si kosa, hupulizwa. Lakini feni isiyozunguka sawasawa au inayokwaruza ibadilishwe kwa gharama ya mwuzaji.

*Nne, saa.* Zimeni, chomoeni waya kwa dakika kumi, kisha washeni. Tarehe ikirudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya duara, CR2032, imekwisha. Bei yake ni ndogo, lakini msiipuuze: stakabadhi yenye tarehe isiyo kweli ni stakabadhi yenye mashaka.

*Tano, kufuli.* Hakikisheni mtambo hauna neno la siri la mwenye awali katika mipangilio yake ya ndani. Mwuzaji aingie humo mbele yenu.

*Sita, vipuri.* Vigawa umeme vya kompyuta nyembamba za maofisini mara nyingi vina umbo lake maalumu, visiingiliane na vya kampuni nyingine. Ulizeni kama kingine chapatikana Arusha au Babati kabla ya kulipa.

*Saba, muda.* Acheni mtambo uwake saa moja au mbili mkinywa chai. Mtambo mgonjwa mara nyingi hujitaja wenyewe ukipata joto.

6. Kompyuta yaweza kuwa ya mtumba. Diski iwe mpya

Hapa nasisitiza. Katika kompyuta yote, diski ndiyo inayobeba jasho la mwanachama. Kigawa umeme kikiungua, kitanunuliwa kingine. Ubao ukifa, diski itahamishiwa mtambo mwingine. Diski ikifa, kilichokuwamo kimekwenda. Kwa hiyo nunueni diski mbili mpya, zenye dhamana.

Ikiwa fedha hazitoshi kabisa na hapana budi kuchukua diski iliyotumika, ombeni kuonyeshwa taarifa ya afya yake kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Tazameni kwanza saa ilizowaka. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski inayoonyesha saa 35,040 imewaka miaka minne mfululizo. Kisha tazameni mistari yenye namba 5, 197 na 198, inayohesabu sehemu zilizoharibika, zinazosubiriwa na zilizoshindwa kusomeka. Thamani yake halisi iwe sifuri. Ikiwa si sifuri, ondokeni.

Jihadharini pia na flashi za bei ya chini. Zipo zilizoandikwa ukubwa ambao hazina. Huonyesha kuwa zimepokea majalada, kumbe yaliyozidi yametoweka. Ijazeni yote kwa majalada ya majaribio, kisha yafungueni moja moja.

7. Umeme, radi na mahali pa kuuweka

Umeme ukikatika ghafla diski ikiwa inaandika, jalada huweza kuharibika. Kwa hiyo mtambo usikae bila UPS, yaani kisanduku chenye betri kinachoshika umeme kwa dakika chache ili mzime kwa taratibu. UPS iliyotumika si mbaya, lakini betri yake kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano tu. Hesabuni bei ya betri mpya. Ijaribuni: chomekeni kompyuta, vuteni waya wa ukutani, mhesabu dakika.

Wakati wa mvua, radi zinapoanza kwenye vilima, zimeni na mchomoe nyaya zote, pamoja na ule wa mtandao, maana radi hupitia huko vilevile. Mtambo uwekwe juu ya meza, mbali na dirisha la vumbi la kiangazi na mbali na magunia ya mazao. Usifunikwe kwa kitambaa ukiwa umewaka. Najua makatibu wanaofanya hivyo kwa upendo. Ni sawa na kumfunika mgonjwa wa homa kwa blanketi tatu.

8. Programu

Haifai kununua programu iliyoibwa, wala si lazima kununua programu yoyote. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa bure na kwa halali. Juu yake kuna OpenMediaVault, iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii ya kutunza majalada, nayo haihitaji mtambo wenye nguvu. Fundi wa mjini aweza kuipachika kwa siku moja. Mwambieni aziunganishe diski mbili ziwe kama mtu na kioo: kila kiandikwacho kwenye ya kwanza kiandikwe kwenye ya pili. Moja ikifa, nyingine itaendelea.

9. Kioo si akiba

Wengi huishia hapo wakajiona salama. Sivyo. Katibu akifuta jalada kwa bahati mbaya, limefutwa kwenye diski zote mbili kwa mara moja. Mwizi akichukua mtambo, amechukua zote mbili. Moto hauchagui. Kwa hiyo shikeni kanuni hii: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya ofisi.

Nakala ya kwanza ni ya kwenye mtambo. Ya pili ni ya diski ya nje, inayochomekwa kila Ijumaa, ikachomolewa na kufungiwa katika sefu. Ya tatu ni diski nyingine ya nje, inayopelekwa kila mwezi mahali pengine penye ulinzi palipoidhinishwa na bodi. Na msimu ukifungwa, orodha ya malipo ichapwe kwenye karatasi, isainiwe na mwenyekiti, katibu na mhasibu. Karatasi haihitaji umeme.

Nakala ambayo haijajaribiwa si nakala. Kila miezi mitatu fungueni diski ya nje katika kompyuta nyingine, chagueni majina kumi bila kuchagua nyuso, mkalinganishe na stakabadhi. Andikeni matokeo katika muhtasari wa bodi. Nitakapokuja, nitauomba muhtasari huo.

10. Taratibu na siri za wanachama

Ununuzi uwe umo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Pateni bei za maduka matatu kwa maandishi, mdai stakabadhi ya EFD na dhamana hata ya mwezi mmoja. Namba ya mtambo iandikwe katika daftari la mali za chama, kwa jina la chama, si la katibu. Maneno ya siri yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyosainiwa na kufungiwa katika sefu. Katibu ni binadamu. Huhama, huugua, hufa. Wazee wetu waliona vyama vikuu vikivunjwa mwaka 1976 na vikirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kumbukumbu za wanachama zapaswa kuwa na umri mrefu kuliko uongozi wowote.

Msidhani pia kwamba kwa kuwa taarifa zetu huingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU), chama hakina haja ya kutunza chake. Mfumo hupokea taarifa. Stakabadhi na hati zake za asili ziko mikononi mwenu.

Mwisho, majina, simu na akaunti za wanachama ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Mkiuza kompyuta ya zamani, msiiuze na diski yake. Kufuta kwa haraka hakuondoi kilichomo. Fundi huweza kukirudisha. Itoeni diski, itobolewe kwa msumari wa mashine mbele ya bodi, na iandikwe katika muhtasari.

Maswali ya kujadili katika kikao cha bodi

1. Chama chenu kina karatasi ngapi kwa mwaka? Zingechukua gigabaiti ngapi kwa miaka kumi?
2. Kwa bei ya uniti mnayolipa, mtambo wa wati 180 ungewagharimu kiasi gani kwa mwaka zaidi ya ule wa wati 30?
3. Kwa nini diski mbili zilizounganishwa kama kioo haziwezi kuitwa akiba?
4. Kompyuta ya ofisi yenu ikiibwa usiku wa leo, mwanachama aliyepoteza stakabadhi yake atalipwa kwa ushahidi gani kesho?

Swali la nne lijibiwe kwa maandishi na kuhifadhiwa katika jalada la bodi. Chama ambacho jibu lake ni "kwa ushahidi wa majirani" kianze kazi Jumatatu ijayo.